Matanga ya Neno la Kiingereza

Mwalimu Bartholomayo hakuwa mtu wa kujificha, na watu wa Makote hawakutaka ajifiche. Akipita njiani ulijua kapita mtu: kaptura ya kaki imepigwa pasi mpaka mkunjo unakata, soksi zimepandishwa hadi magotini, kifua mbele. Ukimsalimu kwa Kiswahili alikujibu kwa Kiswahili. Ukimsalimu kwa Kimakonde, ingawa yeye ni Mmakua wa Lupaso, alikujibu kwa Kimakonde na kukuuliza habari za mihogo yako na mguu wa mama yako. Lakini ukijitia kujua Kiingereza, ole wako! Hapo alikutwanga maneno ambayo hata karani wa Boma pale Newala hajapata kuyasikia, kisha akakutazama kwa huruma na kukutafsiria.

Maneno hayo hakuyapata shuleni. Alipomaliza mafunzo ya ualimu kule Masasi, kabla hajapangiwa Makote, alipewa kazi ya kufuatana na Padri mmoja mzee aliyekagua shule za vijijini. Padri yule hakuipenda motokaa. Alisema motokaa inampitisha mtu nchi bila kuiona. Basi walitembea kwa miguu, kutoka Masasi hadi Newala na kurudi, na kwa kuwa Padri hakuweza kunyamaza hata akipanda mlima, kila kilima kilipata neno lake. Na hayakuwa maneno ya Kiingereza cha ofisini. Yalikuwa maneno ya babu zake, yale aliyosema wenzake wanayaacha yaote kutu.

Wakipanda genge la Newala, magoti yanatetemeka, Padri alisema "thole". Maana yake kustahimili, alimweleza, kubeba kilicho chako bila kulia. Wakifika shuleni umande haujakauka, alisema "betimes", yaani mapema, kwa wakati wake. Ukweli aliuita "sooth". Na siku moja walisimama ukingoni mwa uwanda wa juu, nchi yote imelala chini yao mpaka upande wa Ruvuma, na juu yao hakuna wingu hata la dawa. Padri akavua kofia. Akainyosha fimbo yake juu, akaizungusha pole pole kutoka upande wa maawio ya jua mpaka machweo, akasema "welkin".

"Mbingu, Padri?" aliuliza Bartholomayo.

"Mbingu yote kwa pamoja, Mwalimu. Siyo kile kipande cha juu ya paa lako. Kuba zima, na jua lake, na mvua yake, na nyota zake."

Bartholomayo hakuandika hata moja. Aliyashika kama nyimbo za jandoni zinavyoshikwa, kwa kuimbishwa mpaka zikae mdomoni zenyewe. Padri akafa, akazikwa Masasi, na maneno yakabaki kwa Bartholomayo. Alijiona tajiri. Na alikuwa tajiri, nani wa kubisha?

Utajiri ule aliugawa. Kijana akitoka jandoni huacha jina la utotoni kule kule ndani, akatoka na jipya, na vijana wa miaka ile, Malkia ndiyo kwanza kavikwa taji lake huko Ulaya, walitaka majina yenye kishindo. Wakamwendea Mwalimu. Ndivyo Makote ilivyopata akina Suthi na Tholi, na yule Betaimi wa mzee Mahmudu, ambaye jina lake ni mapema lakini hajawahi jambo lolote tangu azaliwe, hata chakula.

Hayo ni ya wavulana. Ya wasichana yalikuwa na mwenyewe, na mwenyewe ni Bibi Stamili.

Bibi Stamili alikuwa kungwi mkuu, mwembamba, mweusi tii, ana sauti ya mtu anayefukuza nyani shambani. Wali wa Makote, yaani wasichana wa kufundwa unyagoni, wa Kiislamu na wa Kikristo, wote walipita mikononi mwake, na sheria yake haikupindishwa na padri wala shehe. Mwali harithi upepo, ndivyo alivyosema. Jina la kutoka nalo unyagoni lazima liwe jina lililokufa, liwe limeliliwa, na liwe halina mrithi, kwa sababu anayelichukua anamrudisha yule aliyekwenda. Mjomba wa mwali ndiye huleta jina, Bibi Stamili akalipima. Likishatangazwa, la zamani limekwisha. Ukimwita mtu kwa jina la utotoni baada ya hapo, unatoa kuku, na matusi utayapata bure.

Sasa, Mwalimu Bartholomayo alikuwa na dada yake mdogo, Anjelina, aliyemfuata Makote akaolewa huko na Alfani, mkulima wa korosho, mtu mpole, maneno kwake ni ya kuazima. Watoto wa kwanza wa Anjelina walikufa, mmoja baada ya mwingine, kabla hawajaota meno. Alipozaliwa mwingine, binti, wazee walifanya kinachofanywa. Walimbeba mtoto alfajiri wakamlaza jalalani nyuma ya jiko, juu ya maganda ya mihogo na majivu. Jirani akapita kama hajui kitu, akashtuka, akamwokota, akamletea Anjelina akisema: "Mama, nimeokota takataka hii, labda wewe unaitaka." Wakamwita Majalala. Kifo kikija kutafuta mtoto wa Anjelina, kitasikia Majalala, kitapita zake, maana nani anakula takataka?

Na kweli kilipita. Mtoto akaota meno, akatambaa, akakimbia, akawa msichana mrefu mwenye shingo ya kuvalia shanga. Lakini jina lilimkaa kooni. Kwenye foleni ya maji, ambako mabomba yalikuwa yameanza kufika na wanawake wamepumzika kuteremka bondeni, wenzake walimwambia: "Majalala, sogeza ndoo yako, maji yetu yasinuke." Wazima walijua maana ya jina lile na waliliheshimu. Watoto hawana adabu hiyo.

Kilichomuuma zaidi Bartholomayo ni dada yake. Anjelina hakupata kumsifu mwanawe hata siku moja. Mtu akisema, "Mama Majalala, binti kawa mzuri huyu," Anjelina alijibu haraka, "Mzuri wapi, takataka hii," akatema mate kando, akatazama huku na huku. Alimpenda mpaka akamwogopa. Kila neno tamu lililokuja mdomoni alilimeza, asije akasikika. Bartholomayo, mtu wa maneno, aliona njaa ile ikamtia uchungu.

Siku chache kabla ya kuingia unyagoni, msichana alimjia mjomba wake shuleni, akapiga goti.

"Shikamoo, njomba."

"Marahaba, mwanangu."

"Njomba, jina langu lipo?"

"Lipo."

"Siyo la Bibi Sikudhani?"

Swali hilo lilikuwa na haki yake. Majina ya marehemu wa upande wao yalikuwa yamekwisha kurithiwa na mabinamu waliotangulia, yote mazuri. Lililobaki ni la Bibi Sikudhani, mdogo wake bibi yao, aliyemchomea nyumba mke mwenzake, akavuka Ruvuma na mume wa mtu, akazeekea huko akigombana na kila jirani. Hakuna aliyekuwa na hamu ya kumrudisha.

"Kutoka jalalani niende motoni, njomba?" alisema msichana, na machozi yalikuwa karibu.

Bartholomayo alicheka, akajipiga kifua. "Labda nisiwe Bartholomayo! Jina lako nilikuwekea siku ile ile uliyolazwa kwenye majivu. Ingia unyagoni, tulia, fundwa. Ukitoka, hakuna mwanamke juu ya uwanda huu atakayekuwa na jina kama lako."

Na alisema kweli, maana jina lenyewe lilikuwa welkin. Mtoto aliyelazwa jalalani aitwe mbingu yote. Sheria ya Bibi Stamili aliijua, lakini alitegemea mdomo wake, ambao ulikuwa haujapata kumwangusha.

Wali wakaingia. Na wakiwa huko ndani, shuleni kukatangazwa ugeni: Bibi mkaguzi wa shule, Mwingereza, anakuja. Uwanja ukafagiwa, mawe ya njiani yakapakwa chokaa, watoto wakakatwa kucha. Bibi akashuka kwenye motokaa, kijana bado, kofia imejaa vumbi, uso wa mtu asiyejivuna. Mwalimu Bartholomayo akasimama mbele ya shule nzima kumkaribisha kwa Kiingereza, na siku hiyo hakubakiza kitu ghalani. Alimwambia kuwa welkin yenyewe imekunjua uso kumpokea, na kwamba amefika betimes, na kwamba hayo ni sooth tupu.

Bibi mkaguzi alishika kofia yake, akacheka. Hakucheka kwa dharau, tuseme haki. Alicheka kama mtu aliyekutana njiani na koti la marehemu babu yake limevaliwa na mgeni. Akampa Mwalimu mkono, akautikisa, akamuuliza aliyapata wapi hayo. Kisha akamweleza, kwa upole, mbele ya walimu wote, kwamba kwao maneno hayo hayasemwi tena. Welkin? Lilikufa zamani, Mwalimu, mimi mwenyewe nimelisoma mara moja tu. Betimes? Limekufa nalo. Sooth? Halina hata kaburi. Thole hakulijua kabisa.

Motokaa ilipoondoka, vumbi halijatua, Mwalimu Lukmani alikuwa tayari. Huyu Lukmani alikuwa Myao, mtani wake, na mtani hapewi nafasi kama ile akaiacha ipite.

"Kumbe, bwana! Miaka yote hii unatufundishia Kiingereza cha makaburini!"

Walimu wakashikilia mbavu. Bartholomayo naye alicheka, maana utani ni utani, ukinuna umeshindwa. Lakini alipofika nyumbani, mkewe Dominika akamwekea ugali na kisamvu, hakunawa hata mikono.

"Unaumwa, Baba Danieli?"

"Siumwi. Nimekuwa kama mtu aliyefukia hela za Mjerumani chini ya kitanda, akijiita tajiri. Leo nimezifukua."

Aibu ya shuleni angeimeza. Kilichomkaba ni yule msichana aliyeko unyagoni, anayesubiri. Alikuwa amemwahidi mbingu, na sasa mkononi ana maiti. Akaona heri amweleze mama mtu mapema. Akaenda kwa Anjelina, akamkuta anatwanga, akamwambia yote, jina lilikuwa lipi na limekuwaje.

Mchi ukasimama hewani.

"Kaka," alisema Anjelina, na sauti yake ilikuwa ndogo, ndiyo maana ilitisha. "Mimi nimemficha mwanangu na kifo tangu azaliwe. Nimemwita jina ambalo hata mbwa haitwi. Sijamwambia neno zuri, mimi mama yake. Leo wewe msomi unaniletea kitu kilichokufa ugenini nikamvishe? Hapana. Mpeni la Bibi Sikudhani. Yule angalau aliishi mpaka akazeeka."

Bartholomayo aligeuka akatoka. Alirudi nyumbani kwa njia ya nyuma, soksi zimeshuka, wala hakuzipandisha.

Ikafika siku ya wajomba, kesho yake ndiyo wali watoke. Mwanaume haingii unyagoni. Anasimama nje ya ua wa nyasi, anasema jina kupitia ua, na Bibi Stamili anamjibu kutoka ndani. Wajomba wengine walipita mmoja mmoja, wakaulizwa, wakapita. Wa mwisho alikuwa Bartholomayo.

"Nani huyo?"

"Bartholomayo. Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umeleta nini?"

"Sijaleta kitu, bibi. Mpeni la Bibi Sikudhani."

Nyuma ya ua kuna mtu alivuta pumzi kwa kwikwi. Bartholomayo alimjua.

"Ebo!" alisema Bibi Stamili. "Bartholomayo hana maneno? Leo jua limetoka wapi? Mwalimu, umetamba kijiji kizima kuwa una jina. Liko wapi?"

"Limekufa, bibi."

"Limekufaje?"

Akamweleza, uso umeelekea nyasi, kama mtoto anayesema na ukuta. Akamweleza habari za Padri, na mkaguzi, na makaburi, na hofu ya dada yake. Hakupunguza kitu.

"Aliyesema limekufa ni nani?"

"Mzungu. Mwenye lugha yake."

"Kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake, mbele ya walimu."

"Limeacha mrithi?"

"Nani arithi, bibi? Wenyewe wamelitupa."

Kisha kikasikika kicheko, kikavu, kimeanzia mbali tumboni.

"Wanaume! Mungu aliwapa ndevu akasahau kumalizia. Mwanangu, kila mwaka nakaa hapa nawauliza watu: mwenye jina amekufa? Wananiapia amekufa. Kumbe mwenye jina yuko Kitangari anachimba mihogo, mzima kama mimi. Wewe umeniletea jina ambalo mwenyewe kapanda motokaa kuja kuthibitisha kifo chake, halina mrithi, halina wa kuligombania, na umesimama hapo nje unalia! Kufa kufaana, hujasikia?"

Bartholomayo aliusogelea ua mpaka nyasi zikamgusa paji la uso.

"Na nani kakuambia cha kufa kinaua?" aliendelea Bibi Stamili. "Majina yetu yote ni ya wafu. Mimi Stamili ni wa pili. Wa kwanza namzika kila nikiitwa? Namwamsha! Ila kuna jambo. Neno lako halijaliliwa. Kisicholiliwa hakirithiwi. Wenyewe walililia?"

"Hawakulilia, bibi. Hawakujua hata siku lilipokufa."

"Masikini. Basi nenda kalilie wewe. Weka matanga leo hii, watu waje, wale, wajue aliyekwenda. Lakini kwanza niambie: enzi za uhai wake, lilikuwa na kazi gani?"

Akamwambia. Akajikuta amenyosha mkono juu, akauzungusha pole pole, ingawa nyuma ya ua hakuna aliyemwona. Jua lake, alisema, na mvua yake, na nyota zake, vyote neno moja tu lilivibeba.

Bibi Stamili alisogea akauegemea ua, nyasi zikalia.

"Lilikuwa kubwa hilo," alisema, na sauti ya kufukuza nyani ilikuwa imemwisha. "Haya, nenda. Na mwambie dada yako, kesho yeye ndiye wa kuliita wa kwanza. Mama asipoliita, halitakaa, na hapo nitampa la Sikudhani kwa mkono wangu."

Dominika alipoambiwa apike chakula cha matanga ya neno, alimtazama mumewe kwanza miguu, kisha macho, kupima kama ana homa. Kisha akajifunga kanga kiunoni akawasha moto, maana aliolewa na mtu huyo kwa kumjua. Mkeka ukatandikwa uani. Alfani akaja na majogoo wawili, akawaweka chini, akakaa. Habari zikapita nyumba kwa nyumba haraka kuliko moto wa kiangazi. Wanawake wakaja na unga vichwani, na kunde, na muhogo mkavu. Wanaume wakaja na vigoda.

"Pole na msiba, Mwalimu. Nani katutoka?"

"Neno."

"Lenu?"

"La Wazungu. Lakini limefia mikononi mwangu."

Watu wakatazamana. Halafu, nawaambia, hakuna hata mmoja aliyeondoka. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni, alisema mzee Mahmudu, akavuta kigoda chake akakaa karibu zaidi na chungu.

Akaja Lukmani. Kwenye msiba mtani ana kazi yake, nayo ni kumwigiza marehemu mpaka wafiwa wasahau kulia. Lukmani alipandisha soksi zake hadi magotini, akajilaza katikati ya mkeka, akakunja mikono kifuani.

"Mimi ndimi Neno!" alilia kwa sauti ya puani. "Nimetoka Ulaya kwa miguu, nimepanda genge la Newala, nimeviringika, nimepanda tena! Kwetu hawanitaki. Masasi hawanijui. Nimefika Makote nimechakaa, hakuna aliyenipa hata maji ila huyu mwenye kaptura!"

Watu walicheka mpaka wakafuta macho kwa mikono yenye unga. Bartholomayo alicheka kuliko wote, safari hii kutoka moyoni. Betaimi alifika wakati vyungu vinasuguliwa.

Baada ya kula, desturi inataka mwenye msiba asimame amseme marehemu. Bartholomayo alisimama. Alikuwa amepanga hotuba ya kishindo. Lakini alipoanza kumwelezea yule Padri, alivyovua kofia pale ukingoni na fimbo yake ikizunguka, hotuba ikamponyoka. Akakumbuka kuwa siku Padri alipozikwa Masasi, yeye alikuwa darasani Makote, habari ikamfikia kaburi limekwisha kuota nyasi, naye akaendelea kufundisha hesabu. Hakumlilia. Basi machozi yale yalikuwa yanangoja tu. Akalia pale mbele ya watu, mwanaume mzima, na hakuna aliyemcheka, hata Lukmani, aliyekaa wima na kushusha soksi zake.

Akawatazama. Wakulima wa korosho, miguu mipekupeku, mikono myeusi kwa utomvu wa maganda yake, wameacha kazi zao mchana kutwa kulilia neno ambalo Wazungu wenyewe hawakulilia. Wengi hawakujua Kiingereza hata cha kuombea maji. Bartholomayo alijivunia vitu vingi maishani, kaptura yake, sauti yake, maneno yake. Siku ile aliwajivunia watu.

Anjelina alikuja matanga yakikaribia kwisha, jua linashuka. Alikuwa na ungo wa unga. Akaumimina penye ungo wa wenzake, akakaa mbali na mkeka, akaondoka bila kumuaga kaka yake. Amekubali? Hajakubali? Hakuna aliyejua, na Bartholomayo hakuthubutu kumuuliza.

Asubuhi wali wakatoka. Vigelegele vilianza kabla ngoma hazijashika moto sawasawa. Walikuja kwa mstari, wamefunikwa kanga mpya gubigubi, vichwa vimenyolewa na kupakwa mafuta ya nyonyo, wanatembea kwa kuinama, kila mmoja na mkono begani kwa aliye mbele. Bibi Stamili alimsimamisha mmoja mmoja, akataja anayerudi na alikuwa nani, mama akaita, mwali akaitika, kanga ikavuliwa, vigelegele vikapasua masikio.

Akafika wa mwisho.

"Huyu," alisema Bibi Stamili, "aliingia na jina la kinga. Jina lile limefanya kazi yake, tumelishukuru, tumeliacha ndani. Anarithi kilichowashinda Wazungu kukitunza. Kimekufa, kimeliliwa, mmekula wenyewe. Mama yake yuko wapi?"

Anjelina akajitokeza. Alisimama mbele ya mwanawe, mikono imeshika ncha za kanga yake, midomo inacheza bila sauti. Ngoma zikanyamaza. Akatazama kulia, akatazama kushoto, vile vile alivyotazama kila mtu alipomsifia mtoto, kutafuta nani anasikiliza.

"Wel..." alisema, akameza mate.

Chini ya kanga yule mwali alikuwa akitetemeka mpaka shanga zikalia. Bibi Stamili hakumhimiza mtu. Bartholomayo, pamoja na maneno yake yote, hakuwa na hata moja la kumpa dada yake; hili lilikuwa la kwake peke yake. Akaona Anjelina anafumba macho. Akaona anavuta pumzi, kifua kinapanda, kinapanda. Kisha Anjelina akaivua kanga ya kichwani, akaitupa chini kwenye vumbi mbele ya watu wote, akainua uso.

"Welkini!"

Sauti ilipita juu ya mikorosho, kuku wakakimbia.

"Welkini mwanangu! Mzuri wangu! Mzuri, nasema! Na asikie anayetaka kusikia! Welkini!"

"Abee, mama!" aliitika binti, na hakungoja kuvuliwa, aliitupa kanga mwenyewe.

Vigelegele vya Makote siku ile vilisikika mpaka barabara ya Newala. Bartholomayo alipandisha soksi zake, akatoa kifua, akampita Lukmani bila kumtazama, na Lukmani akampigia saluti.

Lakini kilichozungumzwa zaidi baadaye ni nyumba ya Anjelina. Majirani walisema kulikuwa hakukaliki. Tangu asubuhi sauti ilikuwa ile ile, jikoni, uani, njia ya maji. Siku moja Bartholomayo alipita kuwajulia hali, akamkuta Welkini kule mwisho wa shamba anapalilia, na mama yake amesimama mlangoni, mkono juu ya macho.

"Welkini!"

"Abee, mama!"

Binti aliacha jembe, akaja mbio mpaka mlangoni, anahema, jasho linamtiririka.

"Hakuna kitu," alisema Anjelina. "Nakuita tu."